Madeni saba na malimbikizo ya mwalimu: lipi lianze?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kilosa, nina mume na watoto watatu. Mwaka jana nilipanda daraja lakini mshahara mpya ulichelewa, na juzi malimbikizo yangu yameingia benki, Sh1,850,000 baada ya makato. Tangu ziingie silali vizuri, maana madeni ni mengi kuliko fedha yenyewe na kila mtu ana la kusema.

Nayataja yote. Benki nilikopa milioni 9 kwa miaka mitano, riba asilimia 17. Wanakata kama Sh223,700 kila mwezi, nimebakiza miezi 34, salio ni milioni 6 hivi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu wananidai milioni 3.8, nao wanakata kwenye mshahara. Februari ada ya mtoto aliye bweni ilinibana, nikaenda kwa jamaa mmoja hapa mjini anayekopesha watumishi. Alinipa Sh400,000 kwa riba ya asilimia 20, akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Tangu Machi, kila mshahara ukiingia anatoa Sh80,000 yake ya riba, inayobaki ananipa mimi. Laki nne yake iko palepale.

Kikoba nilikopa Sh600,000 kwa riba ya asilimia 10, narejesha Sh110,000 kwa mwezi, nimebakiza marejesho matatu hadi Desemba. Kwa Mangi wa dukani nina Sh95,000 ya unga, mafuta na sabuni. Kuna mkopo wa simu Sh60,000, unaniongezea Sh500 kila siku inayopita. Na kaka yangu, mkulima wa mahindi Gairo, alinipa Sh350,000 mwaka juzi mume wangu alipolazwa. Hajawahi kuniuliza hata siku moja.

Mume wangu anasema fedha yote iende benki kwa sababu ndilo deni kubwa, na kwamba 17 na 20 hazipishani sana. Shoga yangu wa kazini anasema nianze na vidogo vidogo, Mangi na simu, ili kichwa kipungue uzito. Afisa wa benki ameniambia naweza kuongeza mkopo nikalipa wote nikabaki na deni moja. Nianze na nani?

Mwalimu, Kilosa

JIBU

Marahaba mwalimu, na hongera ya kupanda daraja.

Kabla ya kumlipa yeyote, kesho asubuhi nenda benki. Fedha yako imekaa kwenye akaunti ambayo kadi yake iko mfukoni mwa mtu mwingine, na namba ya siri anayo. Ingia ndani na kitambulisho chako cha NIDA, waambie kadi haiko mikononi mwako, waizuie na wakutengenezee nyingine. Huyo jamaa huenda ni mwaminifu kwa hesabu zake, lakini hakuna sababu ya kumwachia malimbikizo ya mwaka mzima yakimwangalia kwenye mashine mwisho wa mwezi. Deni lake utalilipa, tena kabla ya mengine karibu yote. Utalilipa kwa mkono wako mwenyewe.

Nimekuwa mhasibu wa SACCOS ya watumishi kwa muda mrefu, na ofisi yetu ilitazamana na ATM. Siku ya mshahara mtu mmoja alikuwa anakuja na bunda la kadi limefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Kila kadi ilikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu, jina na tarakimu nne kwa kalamu nyekundu. Anaingiza moja, anatoa, anaandika kwenye kidaftari, anaingiza nyingine. Wenye kadi wamesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwembe: walimu, wauguzi, askari. Wanasubiri kuitwa wapewe kilichobaki cha mshahara wao. Wengi nilikuwa nawafahamu, na walikuwa wanageuza uso wakiniona. Kwa hiyo barua kama yako naijibu nikiwa na watu machoni.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Watu wengi hupanga madeni kwa ukubwa, au kwa kelele za anayedai. Wewe yapange kwa swali moja: laki moja ikibaki kwenye deni hili kwa mwezi mmoja, inanila shilingi ngapi? Chukua karatasi tufanye pamoja.

Mkopo wa simu: Sh500 kwa siku ni Sh15,000 kwa mwezi juu ya Sh60,000. Laki moja ingekula Sh25,000 kwa mwezi. Kausha damu, maana huyo jamaa wa kadi hana jina lingine: laki moja inakula Sh20,000 kwa mwezi. Benki: asilimia 17 ni ya mwaka, ukigawa kwa miezi 12 unapata asilimia 1.4 na ushee, kwa hiyo laki moja inakula kama Sh1,400. Kikoba: riba ilishapigwa siku ulipokopa, Sh60,000 juu ya laki sita, na haiongezeki hata ukilipa siku ya mwisho. Mangi, kaka na Bodi: hakuna kitu.

Mwonyeshe mumeo mstari huo wa benki na ule wa kausha damu, na umwonyeshe kwa upole, maana kosa lake ni la watu wengi na wakopeshaji wanalijua. Benki ikisema asilimia 17 inazungumzia mwaka, jamaa wa kadi akisema 20 anazungumzia mwezi. Ukitaka kuzilinganisha sawasawa, 20 yake ni 240 kwa mwaka. Tazama namba zako mwenyewe: mwezi huu benki itakutoza riba ya kama Sh85,000 kwa deni la milioni 6, na kausha damu atakutoza Sh80,000 kwa deni la laki nne. Deni moja ni mara 15 ya lingine, riba zinakaribia kulingana. Ukifuata ushauri wa mumeo ukatia yote 1,850,000 benki, utaokoa riba ya Sh26,000 hivi mwezi wa kwanza, huku ukiendelea kupoteza Sh95,000 kila mwezi kwa simu na kausha damu.

Kwa hiyo la kwanza ni simu. Lilipe kesho hiyohiyo ukitoka benki, liishe lote, kisha hakikisha ujumbe wa salio unasema sifuri. Shoga yako kapatia hapo, ingawa kwa sababu nyingine: yeye kaliona ni dogo, mimi naliona ni ghali kuliko yote uliyonayo. Likishafungwa usiligeuze tena kuwa pochi ya dharura. Mikopo mingi ya aina hii hukatwa yenyewe pindi fedha yoyote inapoingia kwenye laini, hivyo mtu anatumiwa nauli na ndugu yake, inaliwa kabla hajaiona, anakopa tena.

La pili ni kausha damu, na hapa naomba tukae kidogo.

Tangu Machi hadi Septemba umemlipa mara saba, Sh560,000, kwa mkopo wa Sh400,000, na bado anakudai zote. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mtu au kampuni inayokopesha kama biashara bila kupokea amana inapaswa kuwa na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu (BoT), na BoT iliwawekea wa daraja hilo ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki nne yako hiyo ni Sh14,000 kwa mwezi. Miezi saba ni Sh98,000. Jumlisha na laki nne yenyewe unapata Sh498,000. Umeshalipa zaidi ya hapo. Kwa riba halali deni hili lingekuwa limekwisha na chenji ungerudishiwa.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawaliunganishi. Si halali mtumishi kukatwa mshahara hadi akabaki na chini ya theluthi moja, na ndiyo maana benki na SACCOS zikikuta theluthi yako imefikiwa zinakukatalia mkopo. Kausha damu anapita mlango wa nyuma. Makato yake hayaonekani kwenye hati ya mshahara, hayapimwi na mwajiri, yanafanyika kwenye mashine ya ATM baada ya mshahara kuingia ukiwa umeshakatwa kila kitu. Kadi yako ndiyo dhamana yake na ndiyo njia yake ya kukwepa kinga uliyowekewa.

Ufanyeje? Mimi ningekwenda na mtu mzima anayeheshimika, mume au kaka, na Sh400,000 mkononi, katikati ya mwezi, kabla ya tarehe ya mshahara. Mweleze kwa adabu kwamba umelipa riba Sh560,000 na leo umeleta deni lote, umwombe afunge bila riba ya mwezi huu. Weka Sh80,000 pembeni nyumbani iwapo atang'ang'ania, ila usimwonyeshe. Ukimaliza, usiondoke bila vitu vitatu: kadi yako, hata kama imeshazuiwa, karatasi halisi uliyosaini, si nakala, na maandishi kwamba hakudai tena, yenye tarehe na sahihi za mashahidi. Kumbuka vizuri ulisaini nini Februari. Wakopeshaji wengi wa namna hii humsainisha mkopaji hati ya mauziano ya kiwanja au ya vyombo vya ndani, ili siku ya ugomvi ionekane ulimuuzia. Kama ulisaini kitu kama hicho, hiyo karatasi ina thamani kuliko laki nne.

Akikataa kurudisha, au akikutishia, mwombe akuonyeshe leseni ya BoT. Kisha nenda kwa mtendaji wa kata na polisi, na andika malalamiko Benki Kuu. Ofisi zao ziko Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar, na kwako Kilosa, Dodoma si mbali sana. Najua mtumishi anaogopa kuaibika kazini. Aibu hiyo ndiyo inayowalisha, na anayekopesha bila leseni kwa asilimia 20 ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa ofisi za serikali kuliko wewe.

Hadi hapo umetumia Sh540,000 ukihesabu na ile ya akiba ya riba. Una Sh1,310,000.

Sasa kaka. Kwa hesabu ya karatasi yetu, deni la kaka halili chochote, kwa hiyo mtaalamu wa namba tupu angekwambia mlipe wa mwisho, tia hizo 350,000 benki. Nimepiga hesabu hiyo: ukizitia benki utaokoa kama Sh5,000 kwa mwezi. Sasa niambie, mwalimu. Gairo watu wanasafisha mashamba hivi sasa, mvua zikianza kushuka Desemba mtu awe na mbegu na mbolea ndani. Hata mbolea ya ruzuku inataka fedha taslimu siku hiyohiyo. Kaka aliyekutoa wodini bila kukuandikisha mahali, akose msimu mzima kwa sababu wewe unaokoa Sh5,000 benki? Kunyamaza kwake kusikudanganye. Ndugu aliyekukopesha bila riba hukaa kimya kwa sababu anaona haya kudai, na gharama anaibeba yeye shambani mahali ambapo wewe huioni. Mpelekee zote, ukiweza nenda mwenyewe badala ya kutuma kwenye simu, na mpelekee mwezi huu, kabla hajakopa mahali pengine.

Mangi naye mlipe Sh95,000 yake. Duka lake ndilo linalowalisha watoto tarehe 18 mshahara ukiwa umekwisha, na daftari likijaa sana huwa anaanza kusema unga umekwisha. Ukilifuta jina lako leo, mlango huo unabaki wazi kwa siku ya shida ya kweli, bila kadi wala riba.

Baada ya hao wawili una Sh865,000.

Kikoba usikiharakishe. Riba yake haitapungua hata shilingi ukimaliza mapema, na sehemu ya riba hiyo itakurudia kwenye mgao mtakapovunja kikoba Desemba. La kuepuka ni faini ya kuchelewa na uso wa wenzako waliokudhamini. Sh110,000 ya kila mwezi itapatikana kirahisi kuanzia sasa, maana Sh80,000 ya kausha damu na Sh15,000 ya simu zimerudi mfukoni mwako.

Bodi ya Mikopo waache wakate asilimia 15 yao. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inawafanya watu walipe miaka na deni halishuki, Rais Samia alitangaza kuiondoa Mei Mosi 2021 pale Mwanza. Deni lako sasa linashuka kwa kila wanachokata. Kulipa zaidi ya hapo kwa fedha yako ya ziada ni kuacha madeni yanayouma ukalipa lisilouma. Ingia tu kwenye akaunti yako ya Bodi mara moja moja uone makato yanafika.

Benki sasa. Yule afisa anayekushauri uongeze mkopo, mwombe akuandikie jumla. Ukichukua salio lako la milioni 6 ukalianza upya kwa miezi 60 kwa riba ileile, makato yatashuka kutoka Sh223,700 hadi kama Sh149,000, na utafurahi. Lakini zidisha: miezi 34 iliyobaki ingekugharimu kama milioni 7.6, miezi 60 mipya itakugharimu kama milioni 8.95. Umelipa zaidi ya Sh1,300,000 kwa ajili ya unafuu huo, hata kabla hujaongezewa shilingi ya kulipia madeni mengine. Nisieleweke vibaya. Mwalimu asiye na malimbikizo, mwenye kausha damu shingoni na hana pa kushika, kuongeza mkopo benki kunaweza kumwokoa kweli. Laki nne ya benki kwa miaka mitano hurudishwa kama Sh596,000 yote kwa yote, na wewe umeshamlipa jamaa karibu kiasi hicho kwa miezi saba bila kupunguza hata mia. Ila wewe fedha unayo. Usikope kulipa deni ambalo una uwezo wa kulilipa kwa taslimu.

Basi hizo 865,000 zote ziende benki? Hapana, bado. Angalia kalenda. Januari shule zinafunguliwa, una mtoto bweni, kuna sare, godoro, nauli, na michango. Ndiyo miezi hiyo iliyokupeleka kwa kausha damu mwaka huu. Ukibaki mikono mitupu Januari, Februari utarudi palepale na kadi mpya. Tenga Sh500,000 ya Januari, iweke kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi, au kama wewe ni mwanachama wa SACCOS iweke huko kama akiba. Inayobaki, Sh365,000, iache hapohapo nayo kama kinga ya ugonjwa na msiba hadi shule zitulie. Februari kama haijaguswa, ipeleke benki na uwaandikie barua ipunguze muda wa mkopo, makato ya mwezi yabaki yalivyo. Uliza kwanza kama wanatoza ada ya kulipa kabla ya wakati. Kwa kiasi hicho utafupisha mkopo kama miezi miwili na nusu. Hapo ndipo mumeo atapata alichokitaka, na atakipata bila Sh95,000 kuvuja upande wa pili kila mwezi.

Nimepata barua nyingine za walimu zinazofanana na hii, ila wao wana laki mbili tu ya ziada, si milioni. Kwenu nasema hivi: anzeni na la simu kama lipo. Kwa kausha damu, ulizeni kwanza kama anapokea nusu, kwa sababu wengi wao hukataa, wanataka zote au riba tu, wakijua zote hamtazipata. Akikataa, msimwachie hiyo laki mbili iliwe kwa riba. Ipelekeni kwenye kikoba kama hisa, na muombe mkopo wa kikoba unaotosha kumfunga kwa mara moja. Kikoba cha asilimia 10 kwa miezi sita si cha bure, lakini mtu anayetoka asilimia 20 kwa mwezi kwenda huko amepumua. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa halmashauri, maana vikundi hivi navyo viko ndani ya sheria ileile ya 2018, daraja la nne.

SWALI

Mama shikamoo. Mimi naendesha bodaboda Mbagala. Pikipiki ni ya mkataba, hesabu Sh10,000 kila siku, nimebakiza siku 60 iwe yangu. Pia nina simu ya mkopo, nalipa Sh1,500 kwa siku, nimebakiza Sh120,000, nisipolipa inajifunga na wateja wangu wa kupiga simu nawakosa. Nimepokea mchezo Sh400,000. Nimalize simu au nimpunguzie tajiri?

Dereva, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Madeni yako yote mawili bei yake ilishapangwa tangu mwanzo, hayakui kwa kuchelewa kama kausha damu wa mwalimu hapo juu. Kwa hiyo kulipa mapema hakukupi faida mpaka mwenyewe akubali kukupunguzia. Nenda kamuulize tajiri: nikikupa laki nne leo, utanifutia siku ngapi? Akisema siku 40, hajakupa kitu, hizo ni siku zako zilezile. Akisema 50, ongea naye vizuri, maana kakuachia laki moja. Kwa simu uliza vilevile kwa wakala bei ya kumaliza leo. Wakikuambia 120,000 ileile, endelea na 1,500 yako ya kila siku.

Kama hakuna anayepunguza, fedha baki nayo wewe. Mkataba wa pikipiki hauui mtu kwa riba, unamuua siku pikipiki ikiwa gereji. Tairi limeisha, klachi imeungua, au wewe mwenyewe una homa siku tano, hesabu haisimami, tajiri anachukua chombo na umeshalipa zaidi ya nusu. Ukiwa na laki nne una hesabu ya siku 40 mkononi hata kama hujapanda pikipiki. Waliofika siku 60 za mwisho wakanyang'anywa ni wengi kuliko unavyodhani, na karibu wote walikuwa hawana akiba.

Halafu kuna kadi ya pikipiki, ambayo hukuitaja. Bila shaka iko kwa jina la tajiri. Kama mkataba wenu ni wa mdomo, mwite wiki hii ofisi ya serikali ya mtaa, muandike zimebaki siku ngapi, daftari la hesabu lisainiwe na pande zote mbili, na iandikwe kwamba siku ya mwisho mtakwenda TRA kubadilisha umiliki, na nani atalipia gharama za kubadilisha. Fanya hivyo kabla hujampa hata shilingi moja ya ziada.